Leso Juu ya Kibao Cheupe

Yule refa alikosea. Nitalisema hilo mpaka nizikwe, na nimeshalisema kwa kila mtu aliyekubali kusimama dakika mbili: kwa wauguzi wenzangu, kwa mchungaji wetu, na kwa dereva wa basi la Great Barr ambaye hakuwa ameniuliza kitu. Mtoto wangu alikanyaga nyumbani. Alikanyaga kwa mguu wa kulia, mbele ya macho yangu, nikiwa nimeinama hatua moja kutoka pale. Hakuna aliyekuwa karibu kuliko mimi isipokuwa mtu mmoja, na huyo nitamfikia.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana hata mimi niliudharau kabla sijaujua. Besiboli ina mrushaji anayerusha mpira mdogo mgumu, na mpigaji anayeungoja kwa gongo. Ukiupiga, unakimbia. Kuna vituo vitatu vya kuzunguka, halafu unarudi pale ulipoanzia, kwenye kibao cheupe cha pembe tano kilichozikwa ardhini sawasawa na udongo. Kibao hicho wanakiita nyumbani. Ukikikanyaga unapata bao, usipokikanyaga huna kitu. Hata ukiupiga mpira ukavuka uzio na kuangukia bustani ya mtu, bado inakubidi uzunguke kote na ukanyage kituo kimoja kimoja, hata kama hakuna wa kukufukuza.

Binti yangu ndiye aliyeuleta mchezo huo nyumbani kwetu. Ana miaka ishirini na mmoja, amezaliwa hapa Birmingham, ni mtoto wangu wa pekee. Kiswahili anakisikia chote, hata kile ninachokisema kwa sauti ya chini, lakini anajibu kwa Kiingereza. Alijiunga na timu ya wachezaji wa ridhaa, wanaume kwa wanawake, wanaochezea uwanja mmoja upande wa Longbridge, karibu na nyumba mpya zilizojengwa palipokuwa kiwanda cha magari. Alicheza misimu miwili bila kuniambia nije kutazama, nami nilijua sababu.

Alipokuwa na miaka minane shule yao ilifanya siku ya michezo. Wazazi walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, wanapiga makofi kama watu walioogopa kuamsha mtoto. Mwanangu alipoanza kukimbia mimi sikuweza kukaa. Nilikimbia naye, pembeni ya chaki, viatu mkononi, nikimwita jina lake mpaka utepe. Alishika nafasi ya pili. Alilia njia nzima kurudi nyumbani, na si kwa sababu ya nafasi ya pili. Tangu siku ile barua za shule kuhusu michezo zilipotelea kwenye mkoba wake. Miaka kumi na mitatu nilifungiwa nje ya furaha za mtoto wangu kwa kosa la kushangilia.

Kwa hiyo mwaka huu, timu yao ilipoingia kwenye mchujo wa mwisho, mechi tatu, atakayeshinda mbili achukue kombe, na yeye akaja jikoni akasimama karibu na friji, nilizima jiko ili nisikie vizuri.

"Mum, unaweza kuja," alisema. "If you want. Lakini please, just sit."

Nikamwambia nitakaa. Nikamwambia nitakaa kama jiwe.

Sikutaka kwenda peke yangu, nikamwomba rafiki yangu anisindikize. Ni Mkongomani wa Uvira, tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee na tunasali kanisa moja. Alifika nchi hii kama mkimbizi, hana mtoto wala ndugu hapa, na binti yangu anamwita Auntie tangu akiwa na meno ya utoto. Kanisani anajulikana kwa vigelegele. Akianza, hata watoto wanaocheza nje huingia kuona kuna nini. Tuliongozana na kina mama wengine wawili wa kanisani, Wakenya wenzangu, waliokuja na chupa za chai na mahamri.

Mechi ya kwanza tulikaa. Tulikaa jamani! Nilijikaza kisabuni, mikono nimeikalia. Mchezo wenyewe ni wa mateso, kwa sababu muda mrefu hakuna kinachotokea, na katika huo muda mrefu moyo unapata nafasi ya kukusumbua. Mrushaji anasugua mpira, anatazama kushoto, anatazama kulia, anavua kofia, anavaa kofia. Wewe huku unakufa. Tulipoteza kwa bao moja, na mwanangu alinipita akienda kunawa, akanigusa bega.

"You did good, Mum."

Tumeshindwa, na mimi ndiye ninayepongezwa kwa kunyamaza.

Mechi ya pili rafiki yangu alishindwa kuvumilia. Timu yetu ilikuwa nyuma, mwanangu akapiga mpira chini chini ukapita katikati ya wawili, wenzake wawili wakaingia nyumbani, na kigelegele kikatoka. Hakuwa amekipanga. Kilitoka tu, kirefu, kikazunguka uwanja mzima. Nikamtazama mwanangu kule kwenye kituo cha pili nikitegemea kuona amefunika uso. Alikuwa anacheka. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu akiwa na miaka minane. Tulishinda kwa bao moja.

Baada ya mechi alitujia bwana mmoja mwenye kofia ya timu, baba wa mchezaji mmojawapo, anayejishughulisha na viti na maturubali. Alitabasamu sana. Alitupa karatasi nne zilizochapishwa, moja kwa kila mmoja wetu, zenye kichwa cha habari juu ya mwenendo mwema wa watazamaji. Niligeuka nikatazama wale wazazi wengine wote kwenye viti vyao. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Yule mzee aliyemwita refa kipofu mara tatu hakuwa na karatasi. Vijana waliokuwa wanakunywa bia na kutukana mrushaji wa wenzetu hawakuwa na karatasi.

Niliisoma nikiwa kwenye gari, damu inanichemka. Tusipige sauti za ghafla mrushaji anapojiandaa. Vyakula vyenye harufu kali tuvile mbali na wachezaji. Hapo nilimsomea rafiki yangu mara mbili, maana mahamri yananuka iliki, na iliki haijamdhuru mtu. Tukae nyuma ya kamba wakati wa mchezo. Na mwisho kabisa: mchezo ukimalizika, familia zinakaribishwa uwanjani kusherehekea na wachezaji. Huo mstari wa mwisho niliushika kichwani.

Wiki ile sikuwa mtu. Kazini nilimpa mzee mmoja chai mara mbili na mwingine sikumpa kabisa. Niliomba kwenye chumba cha mashuka, nikiwa nimesimama katikati ya mito, na naona aibu kusema niliomba mrushaji wao apate kidonda cha bega, kisha nikatubu, kisha nikaomba tena kwa maneno ya upole zaidi. Mwanangu alikuwa halali vizuri. Nilimsikia akifanya mazoezi ya kupunga gongo chumbani, shuu, shuu. Asubuhi ya mechi ya tatu nilifungua sanduku nikatoa leso yangu nyekundu, ile kanga mama yangu aliyonipa nilipokuwa naondoka Kenya. Nikamwambia rafiki yangu kwa simu naye abebe kitenge. Tukishinda, mwanangu hatatembea juu ya udongo.

Kwetu ndivyo inavyofanywa, na sidhani kama nahitaji kujieleza. Bibi harusi anatandikiwa. Mtoto aliyehitimu chuo anatandikiwa. Wanawake wanavua leso mabegani wanazilaza chini, moja mbele ya nyingine, na unayempenda anapita juu yake, maana siku hiyo ardhi haimstahili.

Mechi ilianza saa nane mchana, na saa kumi na nusu ilikuwa sare. Awamu ya mwisho, zamu yetu ya kupiga, wachezaji wetu wawili wameshatolewa. Akitoka wa tatu zamu imekwisha. Aliyeingia na gongo alikuwa mwanangu.

Mrushaji akarusha, mwanangu akaukosa mpira. Akarusha tena, akaukosa tena. Kule kukosa kwake kwa pili mmoja wa kina mama alinishika paja, na alama ya kucha zake ilikaa siku tatu. Mpira wa tatu ulipokuja nilisikia mlio kabla sijaona kitu. Ulipaa, ukapaa, yule mlinzi wao wa mbali akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa uzio, akasimama tu, akautazama ukipita.

Uwanja ulilipuka. Wenzake wote walitoka kwenye benchi wakaingia uwanjani, wanarusha kofia. Wale wazazi wa viti vya kukunja wakainuka, wakavuka kamba. Bwana wa karatasi mwenyewe alivuka, nilimwona kwa macho yangu. Sasa niambie, mchezo haujamalizika? Mpira uko kwenye bustani ya watu, sare imevunjika, timu nzima inaruka ruka. Familia zinakaribishwa uwanjani. Tukakaribia.

Mwanangu alikuwa anakimbia polepole, mikono juu, anapita kituo cha pili. Tulikuwa na muda wa kutosha. Kina mama wakatandika zao, rafiki yangu akatandika kitenge, na mimi nikawa wa mwisho kabisa, nikaitandaza leso ya mama yangu pale alipokuwa anafikia, nikaivuta pembe zinyooke. Hicho kibao cheupe nilikiona. Nilikiona nikakifunika, nikafikiri, vizuri, hapo ndipo pa heshima kuliko pote.

Alikuja akicheka na machozi yanamtoka. Alikanyaga kitenge, akakanyaga leso yangu, katikati kabisa, nikasikia viatu vyake vya njumu vinagonga kitu kigumu chini ya kitambaa. Kigelegele cha rafiki yangu kikapaa. Mwanangu aliniangukia shingoni mbele ya watu wote. Kisha wenzake wakambeba juu mpaka benchi.

Furaha yetu haikufika hata dakika tatu. Mpokeaji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na barakoa usoni, hakuwa ameondoka. Aliwazuia wenzake wasitoke uwanjani. Alimnong'oneza refa, akaomba mpira, akasogeza leso yangu kwa ncha ya kiatu, akaweka mguu kwenye kibao, akamtazama refa usoni; ndivyo wanavyodai kwamba aliyepita hakukigusa.

Refa akafikiri. Akainama, akaishika leso ya mama yangu kwa vidole viwili, vidole viwili kama mtu anayeokota panya, akaitazama, akakitazama kibao. Kisha akanyoosha ngumi. Ametoka. Hakugusa nyumbani, aligusa kitambaa.

Niulize wewe msomaji: ukiingia sebuleni ukakanyaga zulia, hujaingia nyumbani? Mguu wa mchezaji wenyewe umevaa kiatu, mbona hawasemi kiatu ndicho kilichogusa? Nahodha wetu alibisha, kocha alibisha. Refa alisema uamuzi umeshatolewa. Bao likafutwa, sare ikarudi, wakacheza awamu ya nyongeza. Wenzetu walipata mawili, sisi hatukupata kitu. Kombe likapanda gari la watu wengine.

Lakini kabla ya ile awamu ya nyongeza kuna jambo lilitokea, na ndilo ninaloliandikia haya yote.

Bwana wa karatasi alitujia, safari hii hatabasamu. Nyuma yake walisimama wazazi kama kumi. Refa alikuwa ameiangusha leso kwenye majani, na yule bwana aliinyooshea kidole.

"Whose is this?" aliuliza.

Alikuwa amemkazia macho rafiki yangu, si mimi wala wale wengine wawili. Yeye ndiye aliyekuwa na kigelegele na kitenge cha rangi saba, na ndiye mwenye Kiingereza cha kubabaisha. Mwanangu alikuwa kwenye benchi, gongo mapajani, anatutazama.

Nilifungua mdomo. Nakula kiapo kwamba niliufungua. Nilimwona mwanangu kule, nikaona siku ya michezo ya shule, viatu mkononi, na sikutoa neno.

Rafiki yangu aliinama akaiokota leso. Akaikung'uta udongo, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, taratibu kama anayekunja shuka la kanisani.

"Ni yangu," alisema. "Pardon, monsieur. Sorry."

"We gave you the sheet," yule bwana alimwambia, kwa sauti ile tunayotumiwa kazini na ndugu za wagonjwa. "We gave you the sheet for a reason."

Rafiki yangu akaitikia kwa kichwa, akaiweka leso yangu kwenye mkoba wake.

Kwenye gari, baada ya kumshusha rafiki yangu na kina mama, nilibaki na mwanangu tu na nikafungua mdomo kwelikweli. Nilimshambulia refa, nikamshambulia yule mpokeaji na ujanja wake. Nilipofika kwa bwana wa karatasi nilikuwa napiga usukani. Eti kumdhalilisha mwanamke mzima mbele ya watu! Angemwuliza hivyo mzungu mwenzake? Kwa nini yeye tu? Mwanangu alikuwa ametazama dirishani tangu Longbridge. Tulipofika kwenye taa za barabarani aligeuka.

"Mum, ile leso ni yako."

Nikaushika usukani kwa mikono miwili.

"I don't care about the cup. Auntie alisema sorry for you. Na wewe ulisimama tu."

Taa ikawa kijani. Aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi mara mbili ndipo nikaondoa gari.

Nilichukua siku tano kwenda kumwona rafiki yangu, ingawa kazini tulipishana zamu na tukasalimiana kama kawaida. Anakaa Sparkbrook, chumba cha juu ya duka. Naungama kwamba hata siku hiyo sikwenda kwa ajili ya kuomba radhi tu. Nilikuwa nimepata wazo. Viatu vya njumu vinatoboa. Leso lazima ina matundu, pale pale katikati, na matundu hayo ni ushahidi kwamba mguu ulishuka juu ya kibao kwa uzito wake wote. Ningeichukua, ningeipiga picha, ningewapelekea wote wanaohusika, refa na yule bwana pamoja.

Alinikaribisha, akaniwekea chai, akatoa leso kabatini. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Niliifunua magotini. Matundu yalikuwa saba na yote yalikuwa yameshonwa, kwa mkono, kwa uzi wa buluu.

"Nilikosa uzi mwekundu," alisema. "Utanisamehe, dada."

Yeye ndiye aliyesema nimsamehe! Hapo nilimtolea hasira zote nilizokuja nazo, lakini kwa kuwa nilishindwa kujikasirikia mwenyewe mbele yake, nilimkasirikia yeye. Kwa nini ulisema ni yako? Nani alikutuma? Kwa nini unakubali mtu akuonee hivyo?

Alimimina maziwa kwenye kikombe changu kwanza.

"Nilikuwa nakuangalia," alisema. "Nikangojea useme. Haukusema. Nikaona, bon, mutoto wake iko pale, iko na haya. Miye sina mutoto pale. Miye watu wananikasirikia tangu nilifika hii inchi, nilishaka zoea."

Hakusema kwa uchungu. Angesema kwa uchungu ningepata pa kujibu. Nilitoa simu nikafungua kundi la wazazi la timu ambalo mwanangu aliniingiza mwanzo wa mchujo, nikaandika hapo hapo, chai inapoa: leso ile ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyeiweka juu ya kibao, rafiki yangu alibeba lawama isiyo yake, na mnapaswa kumwomba radhi. Nikautuma ujumbe. Nikamsomea kwa Kiswahili.

Tulikaa tukiitazama simu mezani. Baada ya dakika kama kumi ikatetemeka. Bwana wa karatasi alikuwa amejibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu, cha manjano! Wengine hawakuandika kitu. Kisha mwanangu akaniandikia mimi peke yangu, akauliza kama Auntie atakuja msimu ukianza.

Nikamwuliza. Alikuwa anaosha vikombe, hakugeuka.

"Mwambie nitakuja kwake nyumbani, nitamupikia," alisema. "Kule uwanjani, hapana."

Msimu umeanza tena na mimi naenda, kiti cha kukunja mkononi. Mwanangu akiingia nyumbani anakanyaga kile kibao kwa miguu yote miwili, kwa kishindo, halafu anatazama upande wetu, na najua anamtafuta nani. Mimi napiga makofi. Bado refa alikosea, sijabadili neno. Ila kila nikianza kumtukana moyoni, nikiirudia siku ile toka mwanzo ili nimfikie pale alipoinama na vidole vyake viwili, sikutani naye tena. Nakutana na mimi mwenyewe, nimesimama mikono mitupu, natazama mtu akiikunja leso ya mama yangu.